Mkamwana kanishusha kwenye gari yangu mwenyewe

Leo mkamwana wangu kanifokea. Mimi!

Mpaka saa hii sijatulia.

Gari yangu ile ndefu ya miaka ya hamsini, Mbeya nzima mnaijua. Juzi nimekata springi kwa mkono wangu, ikae chini kama za vijana. Fundi alinikataza. Fundi gani wa kunifundisha mimi?

Asubuhi mke wa mwanangu Ambokile kashikwa uchungu. Kapanda nyuma na mke wangu, kajifunika kitenge kichwa kizima. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, wala hamsemeshi. Tangu aolewe sijawahi kuisikia sauti yake.

Tuta la kwanza tu, gari ikalalia tumbo. Magurudumu yanazunguka bure.

Mke wangu kasema, "Shuka, baba Ambokile."

Nikasema gari hii haijawahi kusukumwa.

Ndipo kitenge kikafunuka.

"Baba! Shuka usukume, mtoto anakuja!"

Jamani, nilishuka. Mke wangu kashika usukani, ambao simruhusugi hata kuugusa, nami nikasukuma mpaka kofia ikaanguka.

Tumewahi hospitali. Mtoto wa kike, mzima, sauti kachukua ya mama yake.

Springi nyingine naweka kesho.

Sasa wazee wenzangu, semeni: huyu mkamwana nimtoze jogoo, au nimpe ng'ombe?