Sabini na Nne kwa Wino

Mama wa maabara pale shuleni Bugene hana haraka na chupa anayochemshia michanganyiko. Shingo ya chupa huizungushia majani makavu ya mgomba, mvuke usipoe njiani, kisha hukitazama kipimajoto mpaka kitulie tuli. Hapo ndipo vidole vyake, vilivyokomaa kwa kushika vioo vya moto, huchota tone la mvuke uliopoa na tone la kimiminika kilichobaki. "Mvuke na kimiminika, waache waelewane kwanza," huwaambia wanafunzi wenye papara.

Leo Evaresta wa kidato cha sita alipima spiriti tupu kabla ya kuichanganya na asetoni. Ikachemka kwenye nyuzijoto sabini na nne. Kitabu kinasema sabini na nane, na kesho kazi inakaguliwa. Akachukua kifutio aifute sabini na nne aliyoiandika kwa penseli. Mama akamshika mkono, wala hakugomba. Akatumbukiza kipimajoto kwenye birika la maji yaliyokuwa yakitokota: tisini na tano, si mia.

"Mama, kimeharibika?"

"Kizima kabisa. Waliokiandika kitabu walipimia usawa wa bahari, mwanangu. Sisi tuko mlimani, huku hewa ni nyepesi na vitu huchemka mapema."

Evaresta akarudisha kifutio mfukoni, akaomba kalamu ya wino.