Choo cha Mwanangu na Kesi ya Kubemenda

Mwanangu alikuwa hajatimiza miezi minne alipoacha kupata choo. Tumbo likawa gumu kama ngoma, anakunja miguu, analia mpaka sauti inakatika. Nikadhani ni ugonjwa. Kumbe ni kesi, na mshtakiwa ni mimi.

"Umembemenda mtoto," mama mkwe akahukumu, mbele ya jirani aliyekuja kusalimia. Kwa asiyejua, maana yake umelala na mwanaume ilhali unanyonyesha, maziwa yakaharibika, mtoto akadhurika.

"Na nani, mama? Mwanao yuko Mwanza kwenye ujenzi tangu palizi ianze."

"Ndiyo nakuuliza, mayu. Na nani?"

Jirani akaaga, akaondoka taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hataki hata tone limwagike kabla hajafika kwake.

Sekondari nilifundishwa kwamba utumbo ni misuli. Inajibana, inajiachia, inasukuma chakula kwenda chini, hata ukisimama kwa kichwa. Mwalimu hakutuambia kwamba huku kwetu Ngulyati utumbo wa mtoto unaendeshwa na tabia za mama yake usiku.

Nikamuona mama mkwe anachemsha mizizi, na lile bomba la mpira la kumwingizia mtoto dawa nyuma liko tayari juu ya kigoda. Hapo sikubishana tena. Nikambeba mwanangu nikasimamisha bodaboda. Mama mkwe naye akapanda nyuma yangu, hajaalikwa. Nadhani alitaka kusikia jina la mwanaume.

Hospitali, huko Somanda, nesi akambonyeza mtoto tumbo taratibu, akaweka kipimo cha masikioni, akasikiliza.

"Utumbo unasukuma, nausikia. Ila unasukuma kitu kizito. Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu," nikasema.

"Dada, maziwa hayawi hivi."

Nilikaribia kumtukana. Ndipo mama mkwe akakohoa.

"Ni kauji tu. Ka udaga. Huyu anashinda shamba, mtoto analia njaa. Mtoto wa kiume atashibaje maji?"

"Kauji kiasi gani, bibi?"

"Mpaka anyamaze."

"Mara moja?"

"Kwani analia mara moja?"

Unga wa muhogo, jamani. Kwenye utumbo ambao haujawahi kuona kitu kizito kuliko maziwa. Nesi akatueleza: maziwa ya mama peke yake mpaka afikishe miezi sita, asiingizwe chochote nyuma, asuguliwe tumbo, achezeshwe miguu kama anayeendesha baiskeli. Akitapika au tumbo likizidi kujaa, tumrudishe mbio.

Nikamchezesha miguu hapohapo kwenye benchi. Mama mkwe akampokea ajaribu na yeye, na mwanangu akajibu mashtaka yote kwa mpigo, juu ya kitenge cha bibi yake. Bibi akapiga vigelegele wodi nzima ikageuka.

"Si nilisema huyu mzima!"

Nikangoja neno "samahani". Lilikuwa zito kuliko udaga, halikusukumika. Njiani akaniambia tu kwamba jirani alikuwa na mdomo mchafu kufikiri nina mwanaume.

Siku hizi nikienda kupalilia pamba namfunga mwanangu mgongoni, jua lote hilo, namnyonyesha kwenye tuta. Watu wanasema simwamini mama mkwe wangu. Nikipita nawasalimia vizuri tu, mwangaluka, halafu nawaambia wamesema kweli.