Kiyunani Jikoni kwa Bibi

Nakumbuka asubuhi moja ya likizo, mwanangu, miaka ile ya hamsini, nikiwa mwanafunzi wa sekondari mwenye haya hata mbele ya kuku. Nilikuwa jikoni kwa bibi yangu, mtaani kwetu Mkomani, nikijifuta machozi na kusingizia moshi. Bibi alikuwa akibandika madonge ya mikate ndani ya mofa, lile tanuri lake la udongo.

Jana yake nilikuwa nimemwomba baba aniruhusu kurudi shuleni Mombasa. Alisema dukani hapana mtu, akaendelea kupima mchele. Nikaona nimekwisha.

“Moshi gani huo wa kutoa makamasi?” bibi akanicheka. “Hebu nisomee hicho chuo chako.”

Kilikuwa kitabu cha Kiyunani cha kale, alichonipa mwalimu wetu. Nikamweleza kwamba Wayunani wale walikuwa na namna ya kulisema jambo lililopita wakilitazama zima, na namna nyingine ya kulitazama likiendelea. Tena maana hufuata aina ya tendo. Kutawala ni hali. Ukilisema neno hilo kwa namna ya kwanza, mara nyingi maana yake mtu alishika utawala. Kushawishi kuna mwisho wake, nao ni mtu kukubali. Ukilisema hilo kwa namna ya pili, huenda ulikuwa ukijaribu tu, jibu bado.

“Na wewe kwa babako ulifanya ipi?”

Nikamwambia nilisema mara moja tu, nikaondoka.

“Umebandika donge ukakimbia kabla halijaiva, ewe! Tena haja kama hiyo mtoto haipeleki mwenyewe dukani, mbele za watu. Ndia yake ni mjombako.”

Ijumaa, baada ya chakula, mjomba akaja kwa baba, ametumwa na bibi. Hakutaja shule mpaka kahawa ilipomiminwa tena. Mimi nyuma ya pazia, nasikiliza.

“Na dukani atakaa nani?” baba akauliza.

“Mwanangu yupo, Bwana, hana kazi ila kugombana na paka.”

Baba alicheka, lakini hakukubali. Mjomba akarudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine tena. Mwishowe baba akaniambia, bila kunitazama: “Kafunge sanduku lako.”

Basi, mwanangu, usililie jambo kama lililokwisha nalo lingali likiendelea. Ulimi ukikwama, mtafute mkubwa akusemee, kisha usubiri. Bibi hayupo tena, na mofa yake ilivunjika zamani, lakini harufu ya mikate ile ningali naisikia. Mola akujaalie subira, na asikukoseshe mjomba wa kukurudia Ijumaa baada ya Ijumaa. Amin.