Clip ya simu iliyolala ubavu, na wivu wangu kwa Beryl

Wakuu, habari za huko mliko. Niko Kisumu, na hii nitaisema vile ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha.

Mimi ni video editor. Harusi, mazishi, sherehe za kanisa. Kwa studio yetu mimi ndiye nilikuwa mtu wa bosi, mpaka Beryl alipokuja.

Beryl ametoka chuo juzi tu, pale Maseno. Camera hana. Anashoot na simu, tena ameishika wima kama mtu wa selfie. Na wateja wanampenda hadi inakera.

"Yule msichana wenu atakuja?" Hivyo ndivyo wanauliza, na mimi nimesimama hapo hapo na begi la lens.

Basi tukaitwa Usenge, mji ulio kando ya ziwa. Mzee mmoja na mke wake walikuwa na jubilee ya ndoa yao. Nikajipanga vizuri: tripod chini, ziwa lote kwa frame, omena, wale dagaa wetu, zimeanikwa mpaka karibu na maji. Picha safi kabisa.

Nikaenda kubadilisha betri.

Hapo ndipo mzee akamshika mama mkono na kuanza kumwimbia, "Nyar Sakwa, nyar Sakwa," yaani binti wa kutoka Sakwa, jina alilomwita akimchumbia. Niliporudi watu walikuwa wanapangusa macho. Beryl alikuwa mbele yao, simu juu, ameshika kila kitu.

Baadaye mzee akapata stroke. Sauti ikaenda. Familia ikaomba ule wimbo uonyeshwe kwa screen kubwa, kwa maombi ya shukrani kanisani hapa mjini.

Bosi akaniambia, "Ochieng', hiyo clip ya Beryl ndiyo film yenyewe. Zako tutajazia."

Zako tutajazia! Mimi mwenye tripod, wakuu.

Sasa ikaja kazi. Kwa software ya editing clip ilisimama sawa. Lakini nilitaka kuipeleka kwa ile ya compositing, ya kupanga picha juu ya picha, nitulize mtikisiko na kuweka majina. Kuifungua huko, mzee na mama wamelala ubavu.

Nikaizungusha kwa mkono, vichwa vikakatwa. Nikaivuta ijae frame, mama akawa mpana kama gunia. Nikaexport na kuirudisha kwa timeline ya ile software ya kwanza, sasa wamelala upande ule mwingine.

Na mimi nikafurahi. Siwadanganyi, nilifurahi kabisa.

Bosi akachungulia. "Imeharibika?"

Neno moja tu lingetosha. Ningesema ndiyo, Beryl angeonekana hajui kazi, na picha zangu zingerudi mbele. Lakini headphone zilikuwa bado masikioni, na mzee alikuwa anaimba.

Nikasema, "Haijaharibika. Nipe muda."

Shida, kumbe, ni hii. Simu ikishikwa wima, mara nyingi inarekodi picha ikiwa imelala, halafu inaweka alama ndani ya file: izungushe hii. Program moja inasoma alama hiyo, nyingine haisomi. Ukizungusha kwa mkono na alama ibaki, inazungushwa mara mbili.

Kwa hivyo nilianza upya na file ya Beryl. Nikatengeneza kopi ambayo picha yenyewe imesimama, upana mdogo, urefu mkubwa, alama imeondolewa. Kopi hiyo ikasimama kila mahali.

Ukabaki weusi pembeni, maana screen ni pana na clip ni nyembamba. Nikajaribu kuweka clip ile ile nyuma ikiwa blurred. Ikakataa, nyuso zikawa kama moshi. Kilichokubali ni ziwa langu. Ile shot yangu safi nikaifanya ukuta wa nyuma wa clip ya Beryl. Nilifanya kwa mikono yangu, na iliuma.

Kanisani mzee aliletwa kwa wheelchair. Sauti yake ilipotoka kwa speaker, midomo yake ikaanza kusonga. Hakuna kilichotoka, lakini alikuwa anaimba. Mama akapiga magoti kando yake, akamjibu kwa wimbo.

Ilipoisha, mama akageuka kwetu. "Nani alipiga hii?"

Bosi akaniangalia. Beryl akaangalia chini.

"Ni Beryl, Mama," nikasema.

Akamkumbatia muda mrefu. "Ero kamano, nyathina." Asante, mtoto wangu. Mimi nilibaki kwa projector, nakunja waya.

Funzo langu: clip ya simu ikilala, usikimbilie kuizungusha. Angalia kwanza kama ina alama, tengeneza kopi iliyosimama, ndipo uanze kazi.

La wivu sina funzo. Bado niko nao. Beryl akisifiwa najifanya sijasikia, halafu nafungua clips zake na kuzitengeneza vizuri kuliko zangu.

Nyinyi mnaofanya kazi na mtu anayewapita, mnaishi naye aje? Na kama kuna njia fupi ya hizo clips, mwaga hapa chini.