Picha ya Mutua Haikukaa Ukutani

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutundika picha, mjini Salama, fundi mkuu alinipa nyundo kisha akanikataza kuitumia. "Gonga ukuta kwa kidole kwanza," akasema. "Ukilia kama mtungi, plasta imeachana na tofali. Msumari utashika leo, kesho fremu iko chini." Nikajifunza kutoamini ukuta wowote. Baadaye nilihamia Tawa, ambako meneja wa duka la fremu lililoniajiri hakutuamini sisi: tukirudi kutoka nyumba za wateja, alitukagua mifuko. Tabia hiyo huambukiza. Nilipoanza kujitegemea Kitui mjini, nami nilikuwa mtu wa kushuku.

Huko ndiko mjane mmoja, Mwalimu Ndinda, alikoniita nitundike picha ya marehemu mumewe, Mutua. Aliishi na mama mkwe wake. Nilitoboa ukuta kwa drili, nikatia plagi, ile plastiki inayobana skrubu ndani ya tundu, nikanyoosha fremu kwa pimamaji.

Wiki moja baadaye alinipigia simu. "Fundi, hii ni kazi gani? Nimetoka shule nikakuta picha iko kwa kiti."

Nilikwenda. Skrubu ilikuwa imara, waya wa nyuma mzima. Niliona jina langu linaharibika, nikasema bila kupima maneno, "Mwalimu, picha niliyotundika mimi haishuki yenyewe. Hapa kuna mkono wa mtu."

Alitazama uani, ambako mama mkwe alikuwa akichambua ndengu. "Tangu tuzike, ananilaumu," akanong'ona. "Sasa hataki hata mume wangu akae kwa ukuta wangu."

Aliponiita mara ya tatu, picha ikiwa imeshuka tena, sauti yake ilikuwa baridi. Yeye na mama mkwe hawakuwa wakila pamoja tena, na Jumamosi angemrudisha kwao Makueni. Safari hii niliipeleka fremu dirishani nikakagua kioo. Kilikuwa na alama za vidole, zote usoni pa Mutua.

Nikamwendea mama uani, fremu mkononi. "Mama, ni wewe huishusha picha?"

"Ni mimi. Napanda stuli. Macho yangu hayafiki pale juu, mwanangu. Nikiishika karibu, namwona. Kuirudisha ndiko mikono inakataa."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza hivyo. Nimeulizwa ni nini ninachotaka kuharibu."

Mwalimu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alichukua fremu mikononi mwangu, akampa mama, akaketi chini kando yake. Mimi nikaingia ndani kutoboa tundu jipya, chini, usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Jumamosi ikapita, mama hakwenda popote.

Sasa nimestaafu. Mafundi huniuliza kuhusu skrubu na kuta, nami huwajibu. Lakini yale maneno yangu ya mkono wa mtu, ingawa yalikuwa kweli, ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizofanya katika nyumba ya mteja. Nilikagua ukuta, waya na kioo. Mama alikuwa pale pale mara zote, nami nilimsalimia tu, nikapita.