Dari ya Sebuleni

Plaiwudi ikimwagiwa maji ya moto hutoa harufu kama ya uji ulioungua chini. Nikiinusa kwa fundi yeyote, narudi Nangara, uani kwetu, miaka ile ya shida, madukani kulipokuwa kumebaki rafu na muuzaji.

Kaka yangu Gwandu alitaka boti nyembamba ya kasia moja, ya kuvulia samaki Ziwa Babati. Plaiwudi ilikuwa haipatikani kabisa. Basi siku moja Baba, mtu wa Mbulu asiyejua kuogelea hata kwenye karai, alipanda juu ya meza akaanza kung'oa plaiwudi za dari ya sebule.

"Baba Gwandu, nyumba unaivua nguo?" Mama aliuliza.

"Mabati yapo, Mama Gwandu."

Mama alinuna wiki nzima, ila maji ya moto alichemsha yeye. Baba alifunika ubao kwa gunia, akamwaga maji mpaka ukalegea, kisha akaulaza juu ya magogo mawili. Gwandu alikaa katikati, ubao ukashuka taratibu chini yake, naye hakuruhusiwa kuinuka mpaka upoe na kushika umbo. Ubao mmoja baada ya mwingine. Mimi nilimpelekea mahindi ya kuchoma palepale alipokaa. Alitamba kwamba hajawahi kupewa kazi tamu kama ile.

Tulikuwa bado hatujaziunganisha mbao Gwandu alipopata homa. Dawa hazikuwepo mjini. Baba alikwenda kuzitafuta Arusha, akarudi nazo, akakuta majirani wamejaa uani.

Baada ya matanga Baba alizirudisha mbao darini. Hazikulala sawa. Zilishusha matumbo juu ya vichwa vyetu, wageni wakawa wanainama kidogo wakiingia. Niliona aibu sana. Nikamwomba Baba azimwagie tena maji ya moto, zinyooke.

"Ziache," alisema, akatoka nje.

Nilidhani amechoka tu. Baba sasa hayupo. Juzijuzi nilimpelekea Mama fundi wa dari mpya. Mama alimruhusu abomoe dari za vyumba vyote, lakini sebuleni akamkataza kugusa kitu. Nikainua macho. Kila ubao ulikuwa umebonyea mahali pamoja, katikati, pale Gwandu alipokuwa anakaa. Uzito wake ulikuwa bado umo mle kwenye mbao, na maji ya moto yangeuondoa. Hilo ndilo nililokuwa nimemwomba Baba afanye.