Pagoda Isiyo Witiri

Kilichonitisha kwanza ni hesabu ya ghorofa zake. Tulikuwa tumesimama chini ya mnara, mimi na binti wa marehemu shoga yangu, katika ile bustani kubwa ya mimea magharibi mwa London. Kulikuwa na mvua ile isiyojua kama inanyesha au imeacha. Nikainua uso nikahesabu mapaa, moja juu ya jingine, mpaka kumi. Nikarudia, nikapata kumi tena.

"Umeona, Anti?" binti akasema. Anasomea usanifu wa majengo, na Kiswahili chake ni cha kuzaliwa Tottenham. "It's wrong. Pagoda za kweli zinakuwa odd number. Tatu, tano, saba. Huyu fundi alijenga kumi, na hakuna anayejua kwa nini."

Sisi nyumbani tunaita witiri. Mwenyezi Mungu ni mmoja, anapenda witiri, ndiyo maana mtu mzima akifuturu anaokota tende tatu, si mbili. Na maiti anaoshwa mara tatu, au tano, au saba. Nilisimama pale kwenye nyasi zilizolowa nikahisi kama mtu amenisoma. Kwa sababu mimi ni mwosha maiti, na miezi mitatu mizima nilikuwa nalala na kuamka na hofu kwamba mama wa binti huyu nimemzika bila kumwosha sawasawa.

Mchana naangalia wazee kwenye nyumba ya kulelea, hiyo ndiyo kazi ya mshahara. Kuosha ni kwa ajili ya Mungu. Mimi na shoga yangu tumeosha wanawake wa jiji hili miaka na miaka, Watanzania, Wakenya, Wasomali, hata bibi mmoja aliyefia hotelini Edgware Road aliyekuja kutembea tu kutoka Muscat. Tuligawana kazi. Mimi nilisugua, yeye alimwaga maji na kuhesabu. Alihesabu kwa sauti ndogo, kama anamwambia siri yule aliyelala, na hakukosea hata siku moja. Mimi nilikuwa mvivu wa hesabu kwa sababu yeye alikuwapo. Akipenda kunitania husema, "Mwosha huoshwa. Siku yangu ikifika, wewe utaniosha mara kumi na saba, nifike kwa Mola nimechubuka."

Siku yake ilifika katikati ya wiki. Wenzetu wengine walikuwa kazini, mmoja alikwama kwenye treni, na mazishi hayangojei mtu. Nikabaki na binti kwenye chumba cha kuoshea. Nilimfundisha palepale, pa kuanzia ni wapi, upande wa kulia kabla ya kushoto, na nikamwambia jambo moja mara mbili, kwamba maiti haachwi peke yake. Tukaosha. Kwa jinsi alivyougua, mara tatu hazikutosha, nikaamua tano. Ya tano ni ya mwisho, maji yake hutiwa kafuri ya kumpa maiti harufu nzuri. Ndoo yake nilishaiweka pembeni juu ya kigoda.

Binti akaanza kulia, nikawa nabembeleza na kusugua na kuhesabu, mambo matatu kwa mkono mmoja. Nikasema, tayari. Nikatoka kwenda stoo kuchukua sanda. Nikiwa naikunjua ndipo nikakumbuka ndoo ya kafuri. Sikuwa nimeigusa. Nilikuwa nimeosha mara nne, nikaita tano.

Halafu, kabla sijageuka, nikasikia maji yakimwagwa upande wa pili wa mlango. Taratibu, bila haraka, yanaanza, yanasita, yanaendelea. Nikashukuru. Nikasema mtoto ameiona ndoo, akili ya mama yake hiyo. Niliporudi, ndoo ilikuwa tupu imesimama palepale, jagi limefunikwa juu yake kama shoga yangu alivyozoea kulifunika, na chumba kizima kinanuka kafuri. Binti alikuwa kwenye mlango wa kutokea koridoni, mikono ya nguo imelowa, macho mekundu. Sikumuuliza kitu. Gari lilikuwa linangoja, na kumuuliza ingekuwa kukiri kwamba mimi, niliyejifanya mwalimu, nilisahau.

Lakini shaka ni kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Je, kama aliyamwaga kwenye mfereji, akidhani ni maji machafu? Hapo nitakuwa nimemzika shoga yangu na nne. Najua masheikh watasema wajibu ni mara moja tu na nyingine ni sunna. Najua. Nenda ukauambie moyo.

Basi binti aliponipigia simu kuniomba nimsindikize kuichora pagoda, kwa kuwa mama yake alimuahidi kwenda naye akaugua, nilikubali upesi. Nilisema leo nitamuuliza. Ndoo ile uliimwagia wapi? Swali lenyewe ndilo hilo, halizidi hapo.

Mlinzi wa mlangoni alituambia tuko peke yetu, watu wamekimbia mvua. Ndani ni ngazi tu. Zinazunguka katikati ya mnara, zaidi ya mia mbili na hamsini, na magoti yangu yalizitambua zote. Kila ghorofa ni chumba cha pembe nane, mbao chini, ukuta mweupe, madirisha yenye tao pande zote. Na kila ghorofa ni ndogo kidogo kuliko ile uliyotoka. Binti alinieleza kwamba ndiyo ufundi wake, kwamba kila hatua fundi amepunguza kipimo kilekile, upana na urefu, ndiyo maana kwa nje jicho linavutwa juu bila kujua. Kwa nje ni kweli, niliona. Kwa ndani unachohisi ni kuta zinakusogelea.

Tulipumzika kwenye ghorofa ya tatu, tukachungulia. Chini yetu, kwenye kila pembe ya paa, lilikaa joka la rangi ya kijani na buluu na dhahabu, mbawa zimebanwa, mdomo wazi. Yako themanini. Ya zamani yalichongwa kwa mti wakati mnara unajengwa, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita, na baada ya muda si mrefu yakateremshwa yote, na mpaka leo hakuna ajuaye yalipokwenda. Haya ni mapya. Ya chini kabisa yamechongwa kwa mti kama ya kale, ya juu yametengenezwa na mashine kwa plastiki, halafu yakapakwa rangi ileile.

"Yapi ya uongo?" nikamuuliza.

"Kwa macho? You can't tell, Anti. Hata mimi siwezi."

Niliyatazama kwa muda. Nimelelewa kuambiwa nyumba yenye sanamu malaika hawaingii, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kuyachukia. Sikuweza. Magamba yalichongwa moja moja, kucha zilishika vigae kwa nguvu, na mgongo wa kila moja ulikuwa na mkunjo wa mnyama anayevuta pumzi. Kizuri ni kizuri hata kikikuogopesha.

Tukaendelea. Ghorofa ya tano nikasikia hatua nyuma yetu, chini, nyepesi. Tukisimama zinapiga moja zaidi, ndipo zinasimama. Nikamtazama binti, naye alikuwa anatazama ngazi. "Echo," akasema, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe.

Ili tusinyamaze, akanisomesha. Wabudha wa mwanzo, alisema, walijenga juu ya mabaki ya Buddha mwenyewe, jino, unywele, mfupa uliotoka motoni. Walirundika udongo wa duara kama kichuguu, na watu wanauzunguka kwa heshima. Dini ilipofika Uchina ule mrundiko ukarefuka, ukawa mnara wa ghorofa, lakini maana ikabaki ileile, kwamba chini kuna mtu.

"Na huu, chini yake yuko nani?"

"Nobody. Mzungu mmoja aliona pagoda Uchina, akaja kumjengea mama yake mfalme pambo la bustani."

Kaburi lisilo na mwenyewe, basi, na idadi isiyo witiri. Nikasoma Kulhuwallahu kimoyomoyo mara tatu. Nikazihesabu kwa vidole, maana kichwa changu sikukiamini tena.

Ghorofa ya saba akanionyesha katikati ya sakafu baka la mbao za rangi nyingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walitoboa tundu kwenye kila sakafu, akasema, wakawa wanaangusha mabomu ya mfano kutoka juu hadi chini kutazama yanavyoanguka. Nilikuwa nimesimama juu ya lile baka. Nikasogea haraka kama mtu aliyekanyaga mkeka wa mwenye kuswali. Na hapo nikahisi, sitaki kusema uongo, baridi ikipanda kutoka chini, kwenye nyayo, ingawa mbao zilikuwa zimezibwa vizuri na viatu vyangu ni vya soli nene.

Kufika juu nilikuwa sina pumzi. Chumba cha kumi ni kidogo, watu wanne wanajaa. London yote ilikuwa nje ya madirisha, mto, miti, ndege zikishuka kwenye wingu moja baada ya nyingine, na sisi wawili tumekaa sakafuni tumeegemea ukuta. Binti alifungua daftari lake la kuchorea, akashika penseli, hakuchora. Nikasema moyoni, sasa. Nikafungua mdomo.

Yeye akatangulia.

"Anti, I have to tell you something. Nilitaka kukuambia tangu siku ile." "Ulivyotoka kuchukua sanda, na mimi nilitoka. Same time. Nilikaa corridor mpaka niliposikia umerudi. Sikuweza kubaki naye. Ulisema haachwi peke yake, ulisema twice, na mimi nilimwacha. Mama yangu. I left her all by herself."

Akalia kama alivyolia siku ile, kwa kwikwi, uso umefichwa magotini.

Sikumshika mara moja, na ninaona haya kusema hivyo. Nilikuwa nasikia maji. Yanaanza, yanasita, yanaendelea. Jibu nililolifuata ngazi zote zile nilikuwa nimelipata, na lilikuwa kubwa kuliko swali langu. Nilifikiri ninyamaze. Ningeweza kumwambia basi, mwanangu, Mungu ni mwingi wa rehema, tushuke tukanywe chai. Lakini yule mtoto alikuwa amebeba mzigo miezi mitatu kama mimi, na wa kwake ulikuwa mzito zaidi.

Nikamwambia yote. Kwamba nilikosea hesabu, nne nikaziita tano. Kwamba nilisahau kafuri. Kwamba nilikuwa stoo, sanda mkononi, nikasikia maji yakimwagwa polepole, kama inavyotakiwa, na niliporudi ndoo ilikuwa tupu.

"Nilidhani ni wewe," nikasema.

Aliinua uso. Alinitazama, kisha akatazama tundu la ngazi tulikotokea, kisha mimi tena. Kilio kilikuwa kimekatika.

"Anti, kama siyo mimi, nani..."

"Sijui. Na sitajifanya najua. Nimejua kitu kimoja tu leo, kwamba mama yako hakuwa peke yake."

Akausogelea mkono wangu akaushika kwa yake yote miwili, na mikono yake ilikuwa baridi kama yangu. Aliponiuliza, aliuliza kwa Kiswahili kitupu, kile cha mama yake.

"Alioshwa vizuri?"

"Vizuri," nikasema. "Kuliko nilivyomwosha mimi."